Trasti haishiki Lubumbashi: namna ya kupanga urithi kwa sheria yetu, hatua kwa hatua

Mwenye ndugu Johannesburg au London huenda ameshaambiwa: weka mali yako kwenye trasti, watoto hawatasumbuliwa na mtu. Kule shauri linakotoka, ni shauri zuri. Trasti ni mpango wa sheria ya Kiingereza. Unamkabidhi mali mtu unayemwamini, naye anaandikwa kuwa mwenye mali, lakini analazimika kuitunza kwa faida ya wale uliowataja: mke wako, watoto, pengine mtoto mmoja asiyejiweza. Zambia, ukishavuka tu mpaka wa Kasumbalesa, mpango huo upo. Tanzania upo, na serikali yao ina wakala, RITA, unaoshughulikia udhamini.

Kwetu Kongo haupo. Sheria yetu ya mali tulirithi kwa Wabelgiji, na haijui kitu kimoja kuwa na mwenye jina upande huu na mwenye faida upande ule. Ufaransa, wenye sheria ya ukoo mmoja na yetu, waliingiza mpango unaokaribiana na huo mwaka 2007, na hata wao walikataza kuutumia kumpa mtu zawadi au urithi. Kwa hiyo ukimpelekea konservateri wa titre (mwandikishaji wa hati za ardhi) za Lubumbashi karatasi ya trasti iliyoandikwa Ndola, Zambia, hana kitabu cha kuiandika. Lupango (kiwanja chako na nyumba iliyo juu yake) linabaki kwa jina lako, na siku ukifa linagawanywa kwa Kode ya familia, sheria yetu ya ndoa na urithi, kana kwamba karatasi ile haikuwahi kuandikwa.

Hata hivyo, yale ambayo watu wanayatafuta kwenye trasti yanapatikana hapa: mjane asifukuzwe, mtoto mdogo asiliwe mali yake, duka lisifungwe siku ya kilio. Yanapatikana kwa vipande, na vipande hivyo vina mpangilio wake. Ukianza na testama (wosia) kabla ya kusafisha karatasi za ndoa na za lupango, umeandika maneno matupu.

Kwanza, jua sheria itagawa vipi ukikaa kimya

Kode ya familia ni sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa kwa sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Inawapanga warithi kwa madaraja. Daraja la kwanza ni watoto: waliozaliwa ndani ya ndoa, waliozaliwa nje lakini baba akawatambua kisheria akiwa hai, na walioasiliwa kisheria (adopsio). Wote wanapata sawasawa, msichana kwa mvulana, wa ndani kwa wa nje. Mtoto akiwa amekufa mbele ya mzazi, watoto wake wanasimama mahali pake.

Daraja la pili lina makundi matatu: mume au mke aliyebaki, baba na mama wa marehemu, na kaka na dada zake. Daraja la tatu ni wajomba, mashangazi, baba wakubwa na baba wadogo, na hao wanaingia tu ikiwa madaraja mawili ya mbele ni matupu.

Watoto wanachukua robo tatu ya urithi. Robo inayobaki inaenda daraja la pili, na makundi yote matatu yakiwepo, kila moja linapata sehemu 1 ya 12.

Tuweke hesabu mezani. Baba mmoja wa Kampemba anafariki. Ameacha mke, watoto 4 (mmoja wa nje aliyemtambua), mama mzazi, na ndugu. Yeye na mke wake walipata pamoja katika ndoa malupango mawili, gari na akiba, vyote dola 60.000. Ndugu wengi wanakosea hapo hapo, wanaanza kugawa 60.000. Ndoa ikiwa katika ule mpango ambao sheria inauweka yenyewe msipochagua mwingine, ambao mali iliyochumwa katika ndoa ni ya wawili, nusu ni ya mke kwa haki yake mwenyewe. Haijawahi kuwa ya marehemu, haiingii katika urithi. Urithi ni 30.000. Watoto wanachukua 22.500, kila mmoja 5.625. Zinabaki 7.500: mke 2.500, mama wa marehemu 2.500, ndugu wote kwa pamoja 2.500.

Juu ya hayo mjane ana uzufrui, yaani haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake. Nyumba hiyo ikiwa imepangishwa, kodi inagawanywa nusu kwake, nusu kwa watoto. Na ikiwa urithi wote una nyumba moja tu, nyumba hiyo ni ya watoto kwa pamoja, mjane akibaki na uzufrui wake. Haki hiyo ya mjane inatoka kwenye sheria yenyewe. Haingoji ruhusa ya shemeji.

Mji wetu umechanganya watu wa desturi mbalimbali, na kwenye kilio ndiko desturi zinapogongana. Kwa Walamba na Wabemba ukoo unafuata upande wa mama, na mali ya mwanaume ilielekea kwa wapwa. Kwa Waluba wa Katanga ukoo ni wa baba. Kode ni moja kwa wote. Mpwa anaweza kuingia kwa kuwakilisha mzazi wake aliyekufa, ndani ya ile sehemu 1 ya 12 ya ndugu. Kuwapita watoto hawezi. Liseme hili nyumbani ukiwa hai, mbele ya wajomba na baba wadogo, kwa heshima yote. Likitoka kinywani mwako lina uzito. Mjane akilisema peke yake siku ya tatu ya kilio, ataitwa mchawi.

Pili, karatasi za ndoa na za watoto

Hapa ndipo familia nyingi zinapoangukia. Mahari ilitolewa, picha zipo, mbuzi walichinjwa, lakini hakuna aliyekwenda komine (ofisi ya wilaya ya mji). Ndoa iliyofungwa katika familia inatakiwa kuandikishwa kwa ofisa wa etasivili (mwandikishaji wa ndoa, vizazi na vifo) ndani ya mwezi mmoja. Ikiwa miaka imepita, nendeni hata sasa, mkiwa na wawakilishi wa familia mbili na mashahidi. Mwanamke asiye na akti (cheti) ya ndoa anafika tribinali (mahakamani) mikono mitupu: ile nusu yake, ile 1 ya 12, na uzufrui, vyote vinasimama juu ya akti hiyo. Wakati wa kuandikisha mtaulizwa mpango wa mali mnaotaka. Ipo mitatu: kila mtu na mali yake, kuchangia mlichochuma pamoja, au kuchangia vyote. Zungumzeni kabla ya kufika dirishani.

Kila mtoto awe na akti ya kuzaliwa. Muda wa kutangaza ni siku 90, ukipita inabidi kupitia tribinali. Na mtoto wa nje, baba, mtambue kisheria ukiwa na nguvu zako. Kumlipia shule na kumleta nyumbani sikukuu hakutoshi. Najua mazungumzo hayo na mama wa nyumbani ni mazito. Ila mtoto anayetokea mara ya kwanza siku ya mazishi anafungua kesi inayoweza kula lupango lote, na mwenye kuumia ni watoto wa pande zote mbili.

Tatu, lupango liwe lako kweli

Kwa sheria ya ardhi ya 1973 (namba 73-021), udongo ni wa Serikali. Wewe una konsesio (haki ya kuitumia ardhi hiyo), na kinachoithibitisha ni kitu kimoja: sertifika ya anrejistrema (hati ya kuandikishwa kwa ardhi) inayotolewa na konservateri wa titre. Fishi ya komine, livre ya logeri (kitabu cha mwenye nyumba) ya zamani iliyochakaa, akti ya mauzo yenye sahihi za mashahidi wawili na shefu wa kartie, hizo ni hatua za njiani. Chukua bahasha uliyoficha kabatini, uitoe leo, usome. Jina lililoandikwa ni la nani? Katuba na Kenya kuna malupango ambayo bado yana jina la babu aliyekufa zamani, na watu wa vizazi viwili wanajenga juu yake. Huwezi kuwaachia watoto kitu ambacho kwa karatasi ni cha babu yako. Lazima kwanza urithi wa babu umalizwe.

Ukiwa na konsesio ya kudumu, jua kwamba hiyo ni ya Mkongomani mtu binafsi peke yake. Ya kawaida ina muda, hadi miaka 25, nayo inaongezwa. Angalia tarehe isije ikaisha wewe ukiwa umelala.

Mke na mume mnaonunua pamoja, wekeni majina mawili. Tangu sheria ya 2016 mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume kufanya mambo ya kisheria, kwa hiyo kisingizio cha kumwacha nje ya karatasi hakipo.

Nne, testama

Testama ndiyo inayobeba kazi nyingi ambazo wenzetu wa Zambia wanaipa trasti. Haiwezi kuwanyima watoto: robo tatu yao haiguswi, wala huwezi kumpendelea mmoja ndani yake. Mtoto anapoteza urithi kwa sababu ambazo sheria imezitaja tu, kama kuhukumiwa kwa kumuua marehemu, kuharibu testama yake, au kumtelekeza kwa makusudi katika ugonjwa wa mwisho alipokuwa na wajibu wa kumtunza. Nguvu yako iko katika robo iliyobaki, na katika kuchagua watu. Hili la pili ninaliona kubwa zaidi.

Usipoacha testama, anayegawa mali, likidateri, anakuwa mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wote, au ambaye warithi wanamteua akikataa. Katika familia nyingi huyo ndiye mtu mwenye sauti kubwa. Ukiandika testama unamteua wewe. Likidateri anatafuta warithi ni nani, anasimamia mali, analipa madeni, anagawa, kisha anatoa hesabu. Na akikosea, mrithi yeyote anaweza kumpeleka mbele ya jaji. Ni mtu wa karibu kabisa na yule mdhamini wa trasti. Chagua mtu anayejua kuandika hesabu na asiyeogopa kelele. Dada yako mwalimu anaweza kufaa kuliko kaka yako tajiri. Muulize kwanza kama anakubali, na taja wa pili wa akiba.

Ziko njia tatu. Testama ya kinywa ni ya mtu aliye karibu na kufa, mbele ya mashahidi wakubwa wasiopungua wawili, na mambo unayoweza kuamua kwayo ni machache. Usiitegemee. Ya notere (anayethibitisha hati kisheria) au ofisa wa etasivili ndiyo imara kuliko zote, na kwa asiyejua kuandika ndiyo njia. Ya mkono haina gharama, lakini iandike yote kwa mkono wako, weka tarehe, tia sahihi. Usimpe kijana wa sekretaria akuchapie. Kila mtu aandike yake, mume karatasi yake, mke karatasi yake.

Inaweza kusomeka hivi:

*Mimi (jina lote), niliyezaliwa (mahali, tarehe), mkaaji wa avenue fulani, namba fulani, komine ya Katuba, Lubumbashi. Hii ni testama yangu, na ninafuta kila testama niliyoandika mbele ya hii. Nimeoana na (jina), ndoa iliandikishwa komine ya (jina), tarehe (…). Watoto wangu ni hawa: (majina yote, tarehe za kuzaliwa, na wa nje niliowatambua). Robo ya urithi wangu ambayo sheria inaniachia, nampa mke wangu. Namteua (jina) kuwa likidateri, asipoweza, (jina). Mama wa watoto akiwa amekufa mbele yangu, nataka (jina) awe tiuteri (mlezi wa kisheria) wa watoto ambao hawajafikisha miaka 18. Pesa ya kodi ya lupango la Bel-Air ilipe kwanza shule na matibabu ya watoto. Lubumbashi, tarehe, sahihi.*

Sentensi ile ya kodi ya Bel-Air ndiyo roho ya trasti: mali inakaa, matunda yake yanalisha watoto. Haiondoi haki ya mtoto kudai fungu lake, ila inampa likidateri na tiuteri njia ya kufuata, na jaji kitu cha kusoma.

Pembeni weka orodha ya mali na madeni: namba ya sertifika, benki, namba za simu zenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, nani unamdai, nani anakudai. Orodha ni ya kusaidia kutafuta, si testama. Namba za siri usiziandike humo. Testama yenyewe mwachie notere, na umwambie likidateri iko wapi. Ukizaa tena, ukinunua, ukiuza, ukiachana, iandike upya.

Tano, kutoa ukiwa hai

Ukitaka mtoto fulani apate lupango fulani na ugomvi uishe, unaweza kumpa sasa hivi kwa donasio (zawadi ya kisheria) na kujiachia uzufrui: sertifika inaenda kwa jina lake, wewe unaendelea kukaa na kula kodi hadi kufa. Donasio ya nyumba inapitia notere, kisha konservateri. Bila sertifika mpya haijakamilika. Nakushauri uifikirie mara mbili. Kurudisha ulichotoa ni vigumu sana, na ikiwa umewapunja watoto wengine fungu lao la sheria, wanaweza kudai lipunguzwe. Kwa mtoto asiyejiweza, ambaye hataweza kupigana na mtu yeyote, naiona njia nzuri, mradi mzazi wa pili au tiuteri aliyetajwa yupo.

Sita, biashara

Duka, depo au kamioni zikiwa kwa jina lako binafsi, siku ukifa zinasimama. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na kuunda SARL (kampuni ndogo yenye dhamana ya kikomo) kupitia gishe ya pekee (ofisi moja ya kuandikisha kampuni) si kazi ya miezi. Ukiwa na SARL, kinachorithiwa ni sehemu za kampuni. Kampuni yenyewe inaendelea kununua na kuuza. Katika statii (katiba ya kampuni) andika meneja wa pili ni nani, na kama warithi wataingia moja kwa moja kuwa washirika au lazima wakubaliwe kwanza na walio ndani. Lakini usikimbilie kutia nyumba ya familia humo: kampuni haiwezi kushika konsesio ya kudumu, kwa hiyo utakuwa umebadilisha haki isiyo na mwisho kwa yenye miaka 25. Biashara iwe ndani ya kampuni, nyumba ibaki kwa watu.

Saba, pesa inayofika haraka

Benki ikijua umekufa inafunga konti hadi karatasi za urithi ziletwe. Kilio, shule na chakula havingoji. Asirensi (bima) ya maisha inalipa moja kwa moja kwa mtu uliyemtaja, na tangu sheria ya 2015 ilipofungua soko, kampuni si moja tena, linganisha. Kama ulifanya kazi ya kuandikwa, CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ina pensheni ya mjane na ya yatima. Weka karatasi yenye namba yako ya afiliasio (uanachama) mahali pamoja na zile zingine.

Mali yako ng'ambo ya mpaka

Wengi wetu tuna nyumba Ndola au Kitwe. Nyumba inafuata sheria ya nchi ilipo. Kule ukifa bila wosia, sheria yao ya 1989 inagawa namna nyingine kabisa: watoto asilimia 50, mke au mume 20, wazazi 20, wategemezi wengine 10. Kwa nyumba hiyo, na kwa hiyo tu, trasti inaweza kukufaa. Ishughulikie na wakili wa hukohuko, na mpe notere wako wa Lubumbashi nakala ili testama zako mbili zisifutane. Ile sentensi ya "ninafuta kila testama" inaweza kuua wosia wa Zambia usipoiandika kwa uangalifu: sema "zinazohusu mali yangu iliyoko Kongo".

Mtu akishafariki

Funguo na bahasha ya karatasi zishikwe na mjane au likidateri tangu siku ya kwanza, hata shemeji akiomba kwa upole kwamba anataka tu kuzitunza. Chukueni akti ya kifo komine. Iteni baraza la familia baada ya kilio, andikeni prosè-verbali (kumbukumbu ya kikao) yenye majina ya warithi wote na likidateri, kila mtu atie sahihi. Anayekataa kutia sahihi, aandikwe kwamba amekataa. Mtu akianza kuwafukuza, nendeni kwa avoka (wakili) au tribinali mara moja, kabla hajauza. Mnunuzi akishapata sertifika na miaka 2 ikapita bila kupingwa, sheria ya ardhi inamlinda, na mnabaki kumdai pesa yule aliyeuza.

Kwa lupango, likidateri anaomba tribinali ya grande enstansi ordonansi (amri ya jaji) inayowatambua warithi, anaipeleka kwa konservateri pamoja na sertifika ya zamani, na sertifika mpya inatoka kwa majina ya watoto wote, uzufrui wa mama yao ukiwa umeandikwa ndani yake. Kabla hamjatoka dirishani, isomeni yote hapo hapo, jina kwa jina, na hakikisheni mstari wa uzufrui upo.